Oili ya Marehemu

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu Nyegezi, kwa kijana mmoja mwenye gereji nyuma ya stendi ya mabasi, nikamwomba abadilishe oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena, kisha akanitazama kwa huruma. "Dada, hii uliweka lini?" Nikamwambia mwezi jana. Akacheka hadi mwenzake akaja kuangalia. "Hii bado mbichi kabisa, dada. Rudi baada ya miezi mitatu, usinipe dhambi." Nikamwambia amwage tu. Alibisha kidogo, akauona uso wangu, akatandika boksi lake chini na kujisukuma uvunguni mwa gari. Oili ilipoanza kushuka kwenye beseni, ile harufu yake ya moto ikanifikia, nikatafuta pa kukaa.

Na wewe utanicheka, najua. Gari lenyewe ni kuukuu, la bei poa, rangi imebabuka milango yote, na bado nalibadilishia oili utadhani nimekula kiapo. Mume wangu alishachoka kuuliza. Basi kaa vizuri nikueleze, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu, na miaka imekwenda.

Nilikulia Mkuyuni, kwenye mtaa ulioshuka kidogo kuelekea ziwani, nyumba zikiwa zimejibanza katikati ya mawe makubwa yaliyokaliana juu kwa juu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka niliyozoea kuyaona na rafu tupu yalijaa ghafla: sabuni za kila rangi, mafuta ya kujipaka yanayonukia hadi barabarani, redio, vitambaa, na makopo ya oili ya magari yaliyopangwa dirishani yakimeremeta. Mitumba ilimwagwa chini sokoni na watu wakachagua kwa kukanyagana. Asubuhi mtaa mzima ulinuka mapanki yanayokaangwa, yale mafupa na vichwa vya sangara vilivyobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa ng'ambo, na sisi watoto tuliyapenda kuliko nyama. Shuleni tulikwenda na michembe mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitafuna njia nzima. Huko ufukweni magugu maji yalikuwa yameanza kufunika ghuba, na siku nyingine ulikuwa husikii hata maji yakipiga mawe. Mama alisema hapendi ziwa likinyamaza, na mimi nikawa sipendi pia.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa waliishi mzee mmoja dereva na mke wake. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo watoto wote wa mtaa tulikuwa wajukuu zao. Mzee alikuwa ameendesha malori ya pamba maisha yake yote, na alipostaafu akajipatia pikapu ndogo ya rangi ya krimu ambayo ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla yake. Alivuta sigara kali zisizo na kichungi. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alikohoa mara tatu: mara mbili kwa ufupi, na ya tatu kwa kuvuta. Tulimjua kwa kikohozi kabla hatujamwona. Ukisikia kile cha tatu, unaandaa shikamoo yako.

Jambo moja lilimfanya achekwe. Kila mwezi ulipoandama, alibadilisha oili. Hata kama pikapu ilikuwa imekwenda sokoni na kurudi tu kwa siku zote hizo, mwezi mpya ukionekana juu ya ziwa, kesho yake ungemkuta uvunguni na beseni lake. Watu wa mtaa walikuwa na kanuni zao, na kila mmoja aliitetea kwa nguvu. Baba yangu alisema oili hubadilishwa ikiwa nyeusi, basi. Fundi wa Mkuyuni, mzee wa Kisukuma ambaye kwake gari lilikuwa gali na hakuona haya, alidondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti, akaliacha lienee, akalisoma. Kati pakiwa na giza na pembezoni hapana mwanga, badilisha. Wengine walishikilia kwamba gari kuukuu halihitaji kubadilishiwa kabisa, kwa kuwa oili linaila lenyewe na wewe unaongezea juu. Kuhesabu kilomita kusingemsaidia mtu, maana mita ya pikapu ile ilikufa zamani. Mzee dereva aliwasikiliza wote, akakohoa, akasema: "Ninyi hamkuendesha wakati ule. Mimi nimechuja oili kwa kanga ya mke wangu nikairudisha kwenye injini, kwa sababu nchi nzima haina. Sasa ipo dukani. Nisibadilishe kwa nini?"

Alifariki vuli ilipoanza, siku ya tatu baada ya mwezi kuandama. Oili ilikuwa bado mbichi kwenye injini.

Majuma machache baadaye kiwanda cha nguo alikofanya kazi baba kikapunguza watu, na baba akawamo. Alishinda nyumbani akirekebisha vitu ambavyo havikuharibika. Ndipo bibi yule, mjane wa mzee dereva, alipomwita na kumwambia aichukue pikapu kwa bei ya kijirani, maana haifai ioze uani. Baba aliona mlango umefunguka. Mchele wa Magu ulikuwa unanunuliwa na yeyote mwenye usafiri, habari za vibali vya kusafirisha nafaka zilikuwa zimekwisha, na mtu mwenye pikapu aliweza kulisha watoto wake. Lakini bibi aliweka sharti moja. Aliliweka mbele ya wazee wawili wa mtaa, akiwa ameushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, kwetu nguo za marehemu hazigawiwi mpaka matanga yaishe. Na matanga wanamaliza wenyewe, ukoo wake, nao wako Ukerewe. Sasa hiyo oili iliyomo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Ni sawa na nguo zake. Usiimwage mpaka waje."

"Sawa, mama," baba akasema. Alidhani ni jambo la mwezi mmoja.

Mwezi ukaandama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndugu hawakuja. Baba alikwenda Magu na kurudi, Magu na kurudi, siku nyingine mara mbili, gunia juu ya gunia, akiongezea oili kidogo kidogo kwa juu na kuacha ya chini ilivyo. Kila alipomuuliza bibi kwa upole, bibi alijibu kwamba amewaandikia, nao wanasema mvua. Kisha wanasema barabara. Kisha wanasema mavuno. Tulikula vizuri siku zile, sikufichi. Wali wa Magu na sato, na Jumapili chai ya maziwa. Ila kila baba alipokiangalia kile kijiti, alikirudisha haraka mahali pake.

Kikohozi kilianza mwezi wa tano tangu tuichukue pikapu.

Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo linapanda, na mimi nilikuwa nafagia uwanja. Baba akawasha gari. Injini ikakohoa mara mbili kwa ufupi, na ya tatu ikavuta. Nikasimama na fagio langu. Ng'ambo ya minyaa kulikuwa na fagio jingine lililokuwa linafagia, nalo likasimama. Kisha nikamsikia bibi akisema, kwa sauti ya chini na ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu: "Umeamkaje?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameishika sukani na anatazama mbele. Akaingiza gia, akaondoka.

Jioni ikawa mbaya zaidi. Baba alirudi, akazima gari, akachomoa ufunguo na kushuka nao mkononi. Injini ikaendelea. Iliguguma, ikatetemeka, pikapu nzima ikitikisika bila mtu ndani, mlango wa dereva ukigonga-gonga. Sijui ulikuwa muda gani, pengine muda wa kuhesabu hadi ishirini, ndipo ikakata. Watu walikuwa wamesimama barabarani. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa akipita na ungo wake kichwani, akasema, "Mwenyewe hajashuka," akaongeza mwendo. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa na neno hilo. Gari likizimwa na kuendelea kuguguma, utasikia mtu dirishani kwake: mwenyewe hajashuka.

Kikawa kitu cha kila siku. Wanawake wa Magu waliopanda na magunia yao walikaa nyuma juu ya mchele, mvua iwe mvua, jua liwe jua, na kiti cha mbele kikabaki kitupu. Baba hakuvuta sigara maisha yake yote, lakini injini ikishapata moto, ndani mlinuka sigara kali. Nilinusa mwenyewe, hakuna aliyenisimulia. Na upande wa bibi, kila jioni beseni la maji ya kuoga lilitokezwa nje ya mlango, na taulo likawekwa juu ya kigoda. Injini ilipokata, yeye alisema, "Karibu." Asubuhi maji yale waliyanywa kuku. Nilikuwa na miaka kumi na niliogopa sana, rafiki yangu. Nilianza kupitia nyuma ya nyumba ili nisiione pikapu ikinitazama.

Baba alimwita fundi. Fundi akachovya, akadondosha tone lake kwenye gazeti, nasi tukasubiri. Tone halikuenea. Lilikaa pale pale, jeusi, limevimba. "Hii siyo oili tena," fundi akasema. "Huu ni uji wa ulezi. Na ndani masizi yamejaa yanawaka yenyewe, ndiyo maana gali halikubali kuzima. Msitishike. Siyo mambo ya mashetani." Tulifurahi kusikia hivyo. Baba akamwambia, basi fungua nati tumwage, mimi nitazungumza na bibi. Fundi akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja. "Kupima nitakupimia hata kila siku, mzee. Ila nati hiyo mimi siigusi mpaka wenyewe waje."

Haikupita wiki, ile taa nyekundu ya oili ikawaka njiani baba akitoka Magu, ikakataa kuzimika. Alifika nyumbani mwendo wa kobe. Tulikuwa tunakula, ugali wa muhogo na mapanki ya kuchemsha, na baba akasema bila kumtazama mtu: "Nikilipoteza hili gari, tunarudi kijijini." Mama akauliza, "Na watoto? Na shule?" Baba akasema tutasoma huko huko. Huko huko kulikuwa na shule ya madarasa manne tu, na mimi ndiyo kwanza nimeingia la nne. Mama akaacha kula. Nikaelewa kwamba kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye nati moja ambayo hakuna mtu mzima aliyethubutu kuifungua.

Na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Barua zake niliziandika mimi. Jumamosi mchana alinitandikia mkeka barazani, akaniwekea sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga, akanipa kalamu, nami nikaandika alichosema. Barua za shemeji zake zilipofika kutoka Ukerewe, mimi ndiye niliyezisoma. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo baba hakulijua. Ndugu hawakuwahi kusema mvua, wala barabara, wala mavuno. Ndugu walikuwa wakiuliza kila mara: shemeji, tuje lini? Bibi ndiye aliyekuwa akiwazuia. Waambie mvua zimeharibu njia, wasije. Waambie mguu wangu umevimba. Waambie wasubiri kidogo. "Haya ni mambo ya watu wazima, mjukuu wangu," aliniambia, "usiyapeleke kwenu." Sikuyapeleka. Nilidhani naijua sababu. Nilimwona kila asubuhi anavyoinua kichwa injini ikikohoa, na nikafikiri, nani angependa kumwagiwa hicho? Nilimwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja.

Jumamosi ile, baada ya mlo ule wa ugali na mapanki, aliniita tena. Akaniambia niandike hivi: "Shemeji, salamu. Mimi ni mzima. Nawaomba msubiri mtama uvunwe, ndipo mje tumalize matanga ya kaka yenu." Ng'ambo ya minyaa baba alikuwa anajaribu gari. Alilizima, nalo likaguguma. Bibi akageuza uso upande ule akatabasamu kidogo. Mimi nikainama kwenye karatasi ya daftari langu la hesabu nikaandika: "Shemeji, salamu. Mimi ni mzima. Njooni mwezi huu tumalize matanga ya kaka yenu. Mmekawia sana."

"Nisomee," akasema.

Nikaiinua karatasi nikamsomea mtama. Nilimsomea neno kwa neno alivyosema, huku macho yangu yakipita juu ya maneno mengine kabisa, na sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba haikutetemeka. Bibi akasema nimeandika vizuri, akaniongezea matobolwa, nami nikayala yote. Kisha nikaipeleka barua kwa wanawake wa dagaa waliokuwa wanarudi visiwani na boti ya mchana.

Ningekudanganya nikisema niliandika kwa ajili ya baba tu, au kwa ajili ya shule. Nusu ilikuwa hiyo. Nusu nyingine ilikuwa woga. Nilitaka kile kikohozi kitoke nyumbani kwetu.

Walikuja baada ya wiki mbili, wanaume wanne na wanawake wawili, wamebeba vikapu na kuku. Aliyetangulia alikuwa shemeji mkubwa, mrefu, amevaa koti zito kwenye jua la saa tano. Bibi alikuwa uwanjani anapepeta mchele. Mimi nilikuwa kwenye ua na ndoo yangu. "Shemeji, barua yako tumeipata," yule mtu akasema. "Ulivyotuita tu, tukasema twende."

Ungo ukatulia. Bibi hakumtazama shemeji yake. Aliigeuza shingo taratibu, akapitisha macho juu ya ule ua wa minyaa, akanikuta. Tukatazamana. Nilisubiri aseme, na nilijua kwamba akisema, baba atanichapa mbele ya watu na nitastahili. Kisha akawageukia wageni wake.

"Ndiyo," akasema. "Niliwaita. Karibuni."

Matanga yakamalizwa kwa siku mbili. Mbuzi walichinjwa, watu wa ukoo wakanyolewa, nguo za mzee zikatolewa sandukuni na kugawiwa mmoja mmoja, hata kofia yake ya udereva. Siku ya pili, saa nane mchana, ikafika zamu ya oili. Fundi alikuja na spana yake, amevaa shati safi. Watu wote wakasimama kuizunguka pikapu. Akajilaza, akaingia uvunguni, tukasikia chuma kinalia, na nati ikafunguka. Hakuna kilichotoka.

Tulisubiri. Mwanamke mmoja wa visiwani akaanza kuomba kwa lugha yao. Fundi akaomba waya, akaingiza, akazungusha, na ndipo ikaja, polepole, nzito, nyeusi, bila sauti yoyote kwenye beseni. Ilichukua muda mrefu sana kuisha. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakalia upya, kilio kile kile cha siku ya mazishi, na bibi peke yake hakulia. Alisimama amejifunga kanga kiunoni, macho kwenye beseni, hadi tone la mwisho. Shemeji mkubwa akalibeba beseni mwenyewe, wakachimba shimo chini ya minyaa, wakaifukia.

Fundi alipata moyo baada ya hapo. Siku iliyofuata alifungua kichwa cha injini akakwangua masizi, akayamwaga pembeni, mengi kuliko ulivyoweza kuamini kwamba yametoka kwenye injini ndogo kiasi kile. Akaweka oili mpya. Baba akaenda Magu, na jioni alipoingia mtaani watu walikuwa wametoka nje wakijifanya wana shughuli. Akasimamisha gari na kuzima. Likazima hapo hapo. Hapakuwa na mguno wala mtikisiko. Hata ziwa siku ile lilikuwa limenyamaza, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele zote za miezi ile.

Bibi alikuwa mlangoni kwake na beseni la maji mikononi. Alisubiri. "Karibu?" akasema, safari hii akiuliza. Akasubiri tena. Kisha akatembea hadi kwenye minyaa akayamwaga maji. "Leo kashuka," mama wa dagaa akasema, na hakuna aliyecheka.

Nilidhani yamekwisha. Nililala vizuri siku zile, hilo nalo nakiri.

Wiki ile ile ukoo ukakaa kikao sebuleni kwa bibi, na mama akarudi kutoka huko amevimba uso kwa kulia. Unakumbuka ile mila ya kwao, kwamba cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe? Nyumba nayo ilikuwa ya marehemu. Matanga yakiisha, ukoo unagawa, na mjane asiye na mtoto hana wa kumsemea. Nyumba akapewa mdogo wa yule shemeji mkubwa, aliyekuwa na hamu ya kufungua duka mjini. Bibi akaambiwa kwamba visiwani kuna chumba, atatunzwa.

Ndipo nikajua barua zangu zilikuwa zinazuia nini. Kikohozi kilikuwa faraja yake, sibishi, nilimwona mwenyewe. Lakini siku ile alipoushika mkono wa baba mbele ya wazee, alikuwa anatafuta mahali pa kuificha sehemu moja ya msiba ambapo hakuna mtu angethubutu kuigusa, na akapaona ndani ya injini. Oili ile ilipokuwa haijamwagwa, matanga yalikuwa hayajaisha, na yeye alikuwa na nyumba. Yeye alijua. Kati yetu wote, yule asiyejua kusoma ndiye aliyekuwa amesoma mambo hadi mwisho wake.

Baba alimpeleka bandarini kwa pikapu ile ile. Alikaa mbele, kwenye kile kiti ambacho wengine walikuwa wakikiogopa, na mimi nikakaa katikati nimepakata kikapu chake. Injini ilikwenda laini njia nzima. Tulipofika karibu na gati aliushika mkono wangu wa kulia, akaufunua vidole, akauangalia. "Mwandiko wako mzuri, mjukuu wangu," akasema. "Kule wote waliusoma bila taabu." Nikasema, "Asante, bibi." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Baba alidhani tunaagana vizuri, na akatabasamu.

Mkuyuni ya leo usingeitambua. Minyaa ilikatwa mwaka ule ule, duka likajengwa hadi barabarani, na sasa zipo fremu za simu na vifaa vya ujenzi. Mawe mengi yamevunjwa kokoto. Magugu maji yalipungua, ziwa likarudisha sauti yake. Pikapu iliuzwa kwa mtu wa Magu mimi nikiwa sekondari, ikiwa bado inatembea, na baba naye ametangulia. Nikitembea pale simwoni mtu wa kumwambia, hapa palikuwa na kigoda.

Miezi mingi baada ya safari ile ya bandarini, mama wa dagaa alituletea barua. Ilikuwa na mwandiko wa mtoto, herufi kubwa za kuviringa. Bibi alitusalimu wote, akasema yeye ni mzima, akauliza pikapu inaendeleaje, na oili mnaibadilisha kila baada ya muda gani. Baba alicheka kwa furaha. Akaniambia niandike kwamba tunabadilisha kila mwezi ukiandama, kama alivyofanya marehemu, na ilikuwa kweli, tangu siku ile hakukosa hata mwezi mmoja. Nikaandika kama nilivyoambiwa, bila kupunguza neno. Kisha chini kabisa, bila kuambiwa na mtu, nikaandika: Bibi, nisamehe.

Jibu halikuja. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo barua ile alisomewa na mtoto fulani ambaye sikuwahi kumjua, amekaa kwenye mkeka, pengine na sahani ya matobolwa mbele yake. Sijui kama mtoto yule alipofika kwenye mstari wa mwisho aliusoma ulivyo, au alimsomea bibi maneno mengine.